Je, mwili una bangi yake? Mfumo wa ubongo unaopoza hofu na msongo wa mawazo

Baada ya kipindi chetu cha asubuhi kuhusu msongo wa mawazo, mama mmoja alitutumia ujumbe mrefu. Kijana wake wa miaka 19 anavuta bangi kila siku. Akimkanya, kijana anamjibu kwamba amesoma kwenye simu kuwa ubongo wa binadamu wenyewe unatengeneza bangi, kwa hiyo yeye anaongezea tu kile ambacho Mungu ameshakiweka. Mama aliuliza kama maneno hayo ni ya kweli au anadanganywa, na amjibu nini.

Hewani tulikuwa na dakika tatu, na swali hili halimalizwi kwa dakika tatu. Jibu fupi ni kwamba nusu ya maneno ya kijana ni kweli. Mwili unazo kemikali zake zinazofanana kikazi na ile ya kwenye bangi, na zina kazi kubwa katika kutuliza hofu, hasira na msongo. Nusu ya pili, kwamba kuvuta bangi ni kuongezea tu, si kweli. Makala hii inaeleza nusu zote mbili, taratibu, ili mzazi, mwalimu au kijana mwenyewe aweze kusoma na kuamua akiwa anajua.

Mfumo huu ni nini

Kemikali zinazohusika zinaitwa kanabinoidi. Jina hilo limetokana na jina la kisayansi la mmea wa bangi, Cannabis, kwa sababu mmea ndio uliojulikana kwanza. Zipo kanabinoidi za mmea, na zipo zinazotengenezwa na mwili wenyewe. Za mwili zinazojulikana zaidi ni mbili: anandamaidi na nyingine inayoitwa kwa kifupi 2-AG.

Mfumo una sehemu tatu. Ya kwanza ni kemikali zenyewe. Ya pili ni vipokezi, yaani sehemu maalumu kwenye ukuta wa seli ambako kemikali hujishika, kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa. Vipo vya aina mbili kuu: CB1, vilivyojaa kwenye ubongo, na CB2, ambavyo viko zaidi kwenye seli za kinga ya mwili. Sehemu ya tatu ni vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kuzivunja kemikali hizo mara zinapomaliza kazi.

Anandamaidi na 2-AG hazihifadhiwi ghalani zikingoja siku ya kutumika. Seli huzitengeneza papo hapo zinapohitajika, kutokana na mafuta yaliyomo kwenye ukuta wake, na baada ya muda mfupi sana huvunjwa. Kumbuka jambo hilo, maana tutalirudia tutakapofika kwenye bangi.

Mfumo huu haukuwekwa kwa ajili ya bangi. Wanyama wengi wenye uti wa mgongo wanao, kuanzia samaki hadi ng'ombe, na wengi wao hawajawahi kuuona mmea huo.

Ulivyogunduliwa: mmea kwanza, mwili baadaye

Watu wametumia bangi kwa maelfu ya miaka bila kujua inafanyaje kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanakemia kijana wa Israeli, Raphael Mechoulam, aliamua kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya mmea kinachobadilisha akili ya mtu. Alikwenda polisi kuomba bangi iliyokamatwa, akapewa kilo tano za utomvu wake uliokaushwa, akapanda nao basi kurudi maabara. Baadaye alikuwa akisimulia kwamba abiria wenzake walishangaa harufu ile inatoka wapi.

Mwaka 1964 yeye na mwenzake Yehiel Gaoni walitangaza kwamba wameitenga kemikali inayolewesha. Inaitwa kwa kifupi THC.

Swali lililofuata lilikuwa THC inajishika wapi mwilini. Mwaka 1988, Allyn Howlett na mwanafunzi wake William Devane, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba ubongo wa panya una vipokezi vya kuipokea. Hapo wanasayansi wakajiuliza jambo ambalo hata mkulima angejiuliza: mbona mwili uwe na kitasa cha ufunguo unaomea shambani? Lazima upo ufunguo wa mwili wenyewe.

Ufunguo ulipatikana mwaka 1992. Devane, ambaye wakati huo alikuwa amehamia kwa Mechoulam mjini Jerusalem, na Lumír Hanuš, mtafiti kutoka Czech, waliutoa kwenye ubongo wa nguruwe. Waliuita anandamaidi, kutokana na neno "ananda" la lugha ya Kisanskriti, lenye maana ya furaha kuu au raha ya moyo. Mwaka 1995 ikapatikana 2-AG, na kikundi cha Mechoulam pamoja na watafiti wa Japani.

Unavyofanya kazi: mfano wa mfereji

Ubongo una seli za neva takriban bilioni 86. Hazigusani. Kati ya seli moja na nyingine upo mwanya mdogo sana, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa njia ya kemikali. Seli ya juu humwaga kemikali, na seli ya chini huipokea.

Wanaolima kwa umwagiliaji wataelewa haraka. Maji hutoka kwenye banio, hushuka kwenye mfereji, huingia shambani. Siku zote huenda upande mmoja, kutoka juu kwenda chini. Lakini shamba la chini likishashiba, mwenye shamba hufanyaje? Humtuma mtoto apande juu akamwambie mwenye zamu: punguza, huku yametosha. Asipomtuma, matuta yanabomoka na mbolea inasombwa.

Anandamaidi na 2-AG ni huyo mtoto. Mwaka 2001, vikundi vya watafiti wa Marekani na Japani vilionyesha kwamba kemikali hizi husafiri kinyume na nyingine nyingi: hutoka kwenye seli inayopokea, hurudi nyuma kwenye seli inayotuma, hujishika kwenye kipokezi cha CB1, na kuiambia ipunguze kumwaga. Ujumbe ukishafika, vimeng'enya humvunja mjumbe, na mfereji huwa tayari kwa zamu nyingine.

Kwa hiyo kazi ya mfumo huu ni kupima na kurekebisha. Hauleti furaha kwa kuimimina kichwani. Unazuia mambo yasizidi kipimo. Na haurekebishi hofu peke yake. Unahusika pia katika hamu ya kula, maumivu, usingizi na kumbukumbu. Hapa tutabaki kwenye hisia na msongo.

Hofu inapowaka na inapopaswa kuzimwa

Fikiria unatembea jioni kwenye njia ya majani marefu, na mguuni pako kitu kinapita kwa kasi. Kabla hujajua ni nyoka au ni mjusi, umesharuka. Moyo unadunda, kinywa kimekauka, mikono inatetemeka.

Ndani ya ubongo, kengele hiyo imepigwa na sehemu inayoitwa amigdala. Zipo mbili, moja kila upande, na umbo lake ni kama la lozi. Amigdala huijulisha sehemu nyingine iliyo chini ya ubongo, haipothalamasi. Kutoka hapo amri inakwenda kwenye tezi ndogo iliyo chini yake, na kutoka kwenye tezi hiyo inakwenda hadi kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Hizo humwaga adrenalini na kortisoli. Sukari inapanda kwenye damu, misuli inapata nguvu, akili yote inaelekezwa kwenye hatari.

Hilo ni jambo jema. Asiyekuwa nalo angeumwa na nyoka wa kwanza. Shida ni kengele isiyozimika.

Majaribio yaliyofanywa zaidi kwa panya yanaonyesha kwamba mfumo wa kanabinoidi unafanya kazi katika hatua mbili. Mnyama akiwa ametulia, anandamaidi iko kwenye amigdala kwa kiasi fulani, na inaifanya isishtuke ovyo. Hatari ikitokea, anandamaidi hupungua ghafla kwa sababu kimeng'enya kinachoivunja, kinachoitwa FAAH, huongezewa kasi. Ni kama mlinzi anayesogea pembeni ili kengele ilie.

Baada ya muda kortisoli iliyomwagwa hurudi kwenye ubongo kupitia damu. Ikifika, inazifanya seli zitengeneze kanabinoidi zaidi, hasa 2-AG, nazo huiambia haipothalamasi kwamba basi, imetosha. Amri zinapungua, moyo unarudi kwenye mwendo wake, unakaa chini na kuanza kucheka kwamba kumbe alikuwa mjusi.

Sasa fikiria mtu ambaye kengele yake inalia kila siku: deni la pembejeo, ndoa yenye vipigo, mgonjwa ndani asiyepona, mvua iliyogoma. Kwa wanyama waliowekwa kwenye msongo wa muda mrefu, watafiti wamekuta anandamaidi imepungua na vipokezi vya CB1 vimepungua katika baadhi ya sehemu za ubongo. Yule mtoto wa kutumwa juu kwenye banio amechoka, na mwenye zamu hasikii vizuri. Kitu kidogo kinawasha hasira kubwa. Sufuria ikianguka, mtu anaruka kama amepigwa risasi. Majirani wanasema fulani amekuwa mkali, kumbe ndani ya kichwa chake breki imelegea.

Kujifunza kwamba hatari imepita

Yako mambo mawili tofauti: kukumbuka jambo la kutisha, na kuendelea kuliogopa. Aliyenusurika ajali ya basi atakumbuka ajali maisha yake yote, na ni sawa. Lakini kwa kawaida, baada ya kupanda basi mara kadhaa na kufika salama, mwili unajifunza upya kwamba basi si kifo. Kumbukumbu inabaki, hofu inashuka.

Mwaka 2002, watafiti wa Ujerumani, Giovanni Marsicano na Beat Lutz miongoni mwao, walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba kanabinoidi za mwili zinahitajika katika kujifunza huko. Walitumia panya waliozaliwa bila vipokezi vya CB1. Panya wote, wenye vipokezi na wasio navyo, walifundishwa kuogopa sauti fulani kwa kuifuatanisha na shoti ndogo ya umeme. Wote wakajifunza kuiogopa. Kisha sauti ikapigwa tena na tena bila shoti. Panya wa kawaida walitulia baada ya muda. Wale wasio na vipokezi waliendelea kuganda kwa woga kwa muda mrefu zaidi.

Kwa binadamu pia viko vidokezo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa watu wenye ugonjwa wa akili unaofuata matukio ya kutisha, ulikuta anandamaidi yao kwenye damu iko chini kuliko ya wengine, na vipokezi vya CB1 kwenye ubongo vilivyo wazi ni vingi, kana kwamba vinasubiri mjumbe asiyekuja. Watu hao ni wale ambao miezi au miaka baada ya ajali, vita, ubakaji au mafuriko bado wanaota ndoto mbaya, wanashtuka hovyo na kukwepa kila kinachowakumbusha.

Tukio moja, kwa hiyo, huweza kumwacha mtu mmoja akiwa salama na mwingine akiwa na jeraha lisiloonekana. Si kwa sababu wa pili ni mwoga au hana imani. Miili haifanani. Wapo watu waliozaliwa na tofauti ndogo kwenye jeni ya FAAH, inayofanya kimeng'enya hicho kiwe dhaifu na anandamaidi ikae zaidi. Watu hao, kwenye majaribio, huelekea kuacha kuogopa upesi zaidi kuliko wenzao.

Kilichotokea mfumo ulipozibwa kwa dawa

Kisa kinachoonyesha wazi zaidi kazi ya mfumo huu kwa hisia za binadamu ni cha dawa ya kupunguza unene, rimonabanti. Bangi inajulikana kwa kuleta njaa. Watengenezaji wakawaza kwamba wakiziba vipokezi vya CB1, njaa itapungua. Na kweli ilipungua. Mwaka 2006 dawa hiyo ikaruhusiwa kuuzwa Ulaya.

Lakini kuziba CB1 si kuziba njaa tu. Waliotumia walianza kupata sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, na wengine mawazo ya kujiua. Wadhibiti wa dawa wa Ulaya walikuta hatari ya matatizo ya akili kwa wanaoitumia ni karibu mara mbili ya wasioitumia. Marekani haikuiruhusu kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2008 iliondolewa sokoni. Somo lilipatikana kwa gharama: ukizuia mfumo huu kwa binadamu, furaha ya kila siku inapungua na hofu inapata nafasi.

Basi tuuongeze nguvu? Hapa pia hakuna njia ya mkato. Mwaka 2019, madaktari wa Uingereza waliandika habari za mwanamke wa Uskochi mwenye umri wa miaka 71, ambaye kwa kuzaliwa kwake FAAH yake ni dhaifu mno na anandamaidi ni nyingi kuliko kawaida. Alifanyiwa upasuaji wa mkono bila kuhitaji dawa za maumivu baadaye. Alipoulizwa maswali ya kupima wasiwasi, alama zake zilikuwa sifuri. Unaweza kusema amebarikiwa. Lakini pia alikuwa akisahausahau mambo, na aliweza kuungua jikoni asijue mpaka anusie harufu ya nyama yake mwenyewe. Maumivu na hofu ni walinzi, na nyumba isiyo na walinzi kabisa ina hatari yake.

Makampuni yalijaribu kutengeneza dawa za kuizuia FAAH. Januari 2016, katika majaribio ya dawa moja ya namna hiyo mjini Rennes, Ufaransa, mtu mmoja aliyejitolea alifariki na wenzake kadhaa wakalazwa. Dawa nyingine za kundi hilo hazikuleta madhara kama hayo, na wataalamu wanaona ile moja iligusa vitu vingine mwilini visivyokusudiwa. Hata hivyo tukio hilo liliwafundisha watafiti kwenda taratibu.

Bangi inapoingia kwenye mfereji

Sasa turudi kwa kijana wa yule mama.

THC inajishika kwenye vipokezi vilevile vya CB1. Hapo ndipo alipo na haki. Tofauti ziko tatu, na ndizo zinazobeba uzito wote.

Ya kwanza ni mahali. Mjumbe wa mwili hutumwa na shamba moja lililoshiba, kwenda kwa mwenye zamu mmoja. THC huingia kwenye damu na kufika kila mahali kwa wakati mmoja. Ni sawa na mtu kupita na kipaza sauti bonde zima akitangaza "fungeni maji", hata kwenye shamba ambalo mahindi yake yananyauka. Ndiyo maana mtu akivuta, pamoja na utulivu huja kusahau, kupoteza hesabu ya muda na kushindwa kuendesha pikipiki vizuri.

Ya pili ni muda. Anandamaidi huvunjwa haraka. THC hubaki kwa saa kadhaa, na kwa kuwa hupenda mafuta, hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka polepole kwa siku nyingi.

Ya tatu ni kipimo. Kwa kiasi kidogo THC huweza kupunguza wasiwasi. Kiasi kikizidi hugeuka na kuuleta: moyo kwenda mbio, woga mkali, kuona kama watu wanakusema au wanakufuata. Hii ni kwa sababu CB1 iko kwenye seli zinazochochea na pia kwenye seli zinazotuliza. Ukinyamazisha zinazochochea, unapoa. Ukinyamazisha na zinazotuliza, kengele inabaki bila mtu wa kuizima. Na bangi ya mtaani haina kibandiko cha kueleza nguvu yake.

Mtu akivuta kila siku, ubongo hujitetea. Seli zikisikia kipaza sauti usiku na mchana, huanza kuziba masikio: hupunguza vipokezi vya CB1. Utafiti wa mwaka 2012 uliopiga picha za ubongo za wavutaji wa kila siku ulikuta hivyo. Matokeo yake ni kwamba hata mjumbe wa mwili mwenyewe sasa hasikiki. Kijana anakuwa mkali asubuhi kabla hajavuta, akivuta anatulia, na anaamini bangi ndiyo dawa ya hasira zake. Kwa kiasi kikubwa anatuliza tatizo ambalo bangi yenyewe imelikuza.

Takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaotumia bangi hufikia kuitegemea, na kwa walioanza wakiwa na umri mdogo uwezekano ni mkubwa zaidi. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na mfumo wa kanabinoidi wenyewe unahusika katika ukomaaji huo. Kuanza mapema, kuvuta mara nyingi na kutumia bangi kali huongeza hatari ya ugonjwa wa kuchanganyikiwa, ambapo mtu husikia sauti zisizokuwepo na kuamini mambo yasiyo kweli, hasa kama kwenye ukoo ugonjwa huo umeshaonekana.

Mama, ipo habari njema kwenye utafiti ule ule. Wavutaji walipoacha kwa takriban wiki nne, vipokezi vilirudi karibu na hali ya kawaida. Lakini wiki ya kwanza ni ngumu: usingizi hauji, hasira ziko karibu, chakula hakipandi, jasho na ndoto nzito usiku. Wengi hurudia kuvuta hapo. Mzazi akijua kwamba hiyo ni hali ya kupita, na si kiburi kipya, anaweza kumshika mkono kijana badala ya kumfukuza nyumbani.

Neno kuhusu dawa. Mmea wa bangi una kemikali nyingine, kanabidioli, ambayo hailewi. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa iliyosafishwa ya kanabidioli kwa aina chache za kifafa kikali cha utotoni. Hiyo ni dawa yenye kipimo, inayotolewa na daktari, na haigeuzi msokoto wa kijiweni kuwa tiba. Hapa Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza na kutumia bangi, na adhabu zake ni nzito.

Yanayousaidia mfumo wako bila moshi

*Mwendo.* Mwaka 2003, watafiti wa Marekani waliwapima vijana waliokimbia au kuendesha baiskeli kwa dakika 50, kasi ya wastani. Anandamaidi kwenye damu yao ilipanda. Ule wepesi wa moyo anaousikia mkimbiaji, uliodhaniwa kwa miaka mingi kuwa unatokana na kemikali nyingine za mwili zinazofanana na mofini, sasa unahusishwa zaidi na kanabinoidi. Kwenye jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2021, wakimbiaji walipewa dawa ya kuziba zile kemikali nyingine, na bado raha ikaja. Kasi inayofaa ni ile ambayo unahema lakini bado unaweza kusema maneno mawili matatu. Mpira wa jioni, baiskeli ya kwenda mnadani au kutembea haraka vinatosha.

*Usingizi.* Kiwango cha 2-AG kwenye damu hupanda na kushuka kwa saa za siku. Usiku kiko chini, mchana kinapanda. Watu waliolazwa saa nne na nusu tu kwa usiku kadhaa kwenye utafiti wa Chicago walionekana mpangilio huo umevurugika, na wakawa wanatamani vitafunwa hata wakiwa wameshiba. Simu kitandani hadi saa nane za usiku haimsaidii mtu mwenye msongo.

*Kurudia kilichokutisha, kidogo kidogo, ukiwa salama.* Tumeona kwamba ubongo hujifunza kuacha kuogopa kwa kukutana na jambo bila madhara. Anayekwepa kila kitu hampi ubongo wake nafasi ya kujifunza. Aanze na kusimama kituoni, kisha safari fupi akiwa na mtu anayemwamini. Kwa majeraha mazito, kazi hii ifanywe na mtaalamu wa afya ya akili.

*Kupunguza chanzo.* Hakuna kemikali itakayotuliza kengele kama kweli nyumba inaungua. Deni lizungumzwe, kipigo kiripotiwe, mzigo wa kuuguza ugawanywe kwa ndugu.

Lini uende kituo cha afya

Nenda, au mpeleke ndugu yako, kama huzuni, hofu au hasira zimedumu zaidi ya wiki mbili na zinamzuia kulala, kula au kufanya kazi. Kama anasikia sauti au anaona watu wote ni maadui. Au kama anataka kuacha bangi na anashindwa. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wao watakuelekeza hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye huduma ya afya ya akili.

Mtu akisema hataki kuishi, usimchukulie kama anatania wala usimgombeze. Kaa naye, msikilize, na mfuate mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Usimwache peke yake. Dawa za kuulia wadudu na magugu zitolewe nyumbani au zifungiwe mahali asipofika.

Jibu kwa mama

Mwambie kijana wako kwamba alichosoma ni kweli: ubongo wake una mfumo wa kujituliza, umekamilika, na alizaliwa nao. Unajua utume ujumbe wapi, lini na kwa kiasi gani. Bangi haiuongezei nguvu. Inapiga kelele juu yake mpaka seli zinaziba masikio. Akiuachia wiki chache za kupumzika, akalala, akacheza mpira, akapata mtu wa kuongea naye kuhusu kile kinachomuumiza hasa, mfumo huo una uwezo wa kurudi kazini.

Na kabla hujamwambia hayo yote, muulize anachokituliza ni nini. Huenda hajawahi kuulizwa.

Makala hii ni ya kuelimisha na haichukui nafasi ya ushauri wa daktari. Kama una swali linalohusu afya ya akili, tutumie ujumbe, nasi tutalipeleka kwa wataalamu kwenye vipindi vijavyo. Majina ya wanaouliza hatuyatangazi.